Mwendo wa Mahadhi

Zuleikha alikuwa mshonaji wa kofia. Katika mtaa wa Shella, Malindi, mwaka ule wa 1986, mwanamume aliyetaka kofia nzuri ya Idi alijua mlango wa kugonga. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na macho yake makali. Lakini miezi hiyo macho hayo hayakutulia kwenye kitambaa. Kila aliposhona kidogo aliyainua, akamtazama mwanawe sakafuni.

Mahadhi alikuwa ametimiza mwaka na miezi kadhaa. Alikuwa mtoto wa kwanza, mnene, mcheshi, mwenye meno ya kutosha kumuuma mtu. Ila hakutambaa kama watoto wengine. Aliketi, akaukunja mguu wa kulia chini yake, akaunyoosha wa kushoto mbele, kisha akatia mkono sakafuni na kujisukuma kwa makalio, mgongo umenyooka kama kadhi kitini. Kwa mwendo huo aliuvuka ukumbi kabla mama yake hajamaliza kutunga uzi. Ukimlaza kifudifudi, alilia kwa hasira. Ukimshika makwapani umsimamishe, aliikunja miguu yote miwili hewani, akakaa hivyo, kana kwamba kiti kipo chini yake na wengine hawakioni.

Je, mtoto huyu atatembea? Hilo ndilo swali lililolala na kuamka na Zuleikha, na hakuthubutu kulitamka. Mumewe, Fumo, aliyeuza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, naye hakulitamka. Alirudi jioni, akavua viatu, akainua nyusi kumuuliza mkewe. Zuleikha alitikisa kichwa. Basi wakala chakula chao.

Mama yake Zuleikha, Bi Sheikha, hakuwa mtu wa kuinua nyusi tu. Kila asubuhi alimkanda mjukuu wake miguu kwa mafuta ya nazi. Alipoona mafuta hayasaidii, alichimba shimo mchangani uani, akamtia Mahadhi hadi kiunoni ili miguu izoee kusimama. Mahadhi alikunja miguu humo humo shimoni, akaketi, akaanza kula mchanga.

"Huyu si mtoto, huyu ni mgeni wa karamu," alisema Bi Sheikha, akimpangusa mdomo. "Popote umwekapo, yeye ataka kukaa tu."

Lakini ni Bi Sheikha huyo huyo aliyeweka sharti nyumbani: watu wasimwone Mahadhi akienda mwendo wake mpaka atakaposimama. Aliogopa husuda, na aliogopa maneno. Kwa hiyo hodi ikipigwa, Zuleikha aliitupa kofia, akamnyakua mtoto na kumpakata. Jirani yake Harusi alilitambua hilo upesi.

"Shoga, mwanao hatui chini? Au umemshona kwenye kanga?"

"Ana mafua," Zuleikha alijibu.

"Mafua ya tangu Ramadhani! Hata mbuzi hapati mafua hayo."

Zuleikha alicheka, ila moyoni alichomeka. Mwana wa Harusi, aliyezaliwa baada ya Mahadhi, alikuwa tayari anakimbiza kuku.

Hata kliniki sharti lile lilimfuata. Muuguzi, jina lake Jedida, alimpima mtoto uzito, akauliza, "Anatambaa?" Nyuma ya Zuleikha akina mama walikuwa wamebanana benchini, na masikio yao yote yalikuwa wazi. "Anatambaa," alijibu. Muuguzi akamwita mwingine. Zuleikha alitoka nje akiwa na mtoto mgongoni na uongo kooni, asijue amemdanganya nani hasa.

Aliyeogopwa zaidi ya wote alikuwa Bi Mwanasiti wa Takaungu, shangazi yake Fumo. Mama yake Fumo alifariki akimzaa, na shangazi huyu, ambaye hakujaliwa mtoto, ndiye aliyemlea. Lakini watu walimsema kuwa ana jicho. Aliwahi kuzisifu nywele za mtoto wa jirani, na siku chache baadaye mtoto akatoka upele wa kichwa. Tangu Mahadhi avuke arobaini, Bi Mwanasiti alikuwa akiomba aletewe mjukuu amwone. Mara aliambiwa mvua ni kubwa, mara mtoto ana homa. Fumo hakupenda visingizio hivyo, lakini hakuwa na nguvu ya kushindana na mama mkwe.

Basi asubuhi moja shangazi alichoka kungoja, akapanda basi, akaja mwenyewe.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

Bi Sheikha aliitambua sauti, akamkodolea bintiye macho. Zuleikha alimkimbiza Mahadhi chumba cha ndani, akashusha pazia, akarudi ukumbini akihema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema? Kwani nilikuwa nakukimbiza?" Bi Mwanasiti aliketi mkekani, akatua kikapu chake cha nazi na embe. Walijuliana hali. Waliulizana habari za Takaungu, za mvua, za wagonjwa. Kisha akasema, kwa upole, "Na mjukuu wangu?"

"Amelala," Bi Sheikha aliwahi kujibu.

Hapo hapo pazia likatikisika. Mguu mmoja ulitokea chini yake, ukafuatwa na mkono, kisha Mahadhi mzima. Alijisukuma kwa makalio hadi katikati ya ukumbi, akasimamisha safari mbele ya kikapu, akakitazama.

Zuleikha alifumba macho. Alipoyafumbua, Bi Mwanasiti alikuwa anacheka hadi machozi yanamtoka, akiyafuta kwa ncha ya buibui.

"Fumo! Wallahi huyu ni Fumo! Mguu ule ule, mkono ule ule!"

"Fumo gani?" Zuleikha aliuliza.

"Mumeo, mwanangu, kwani una mwingine? Hakutambaa hata siku moja. Alinimalizia nguo zote upande wa nyuma, nikawa natia viraka vya gunia. Ukimsimamisha, akunja miguu kama kuku wa kuchinjwa."

"Halafu... akatembea?"

Bi Mwanasiti alimtazama. "Ala! Alipokuja kwenu kuposa, alikuja akijikokota?"

Zuleikha alitaka kucheka, akajikuta analia. Bi Mwanasiti alimwacha alie. Kisha akamgeukia Bi Sheikha, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Najua nasemwa nina jicho. Lakini ni macho haya yaliyokesha na Fumo. Mngeniletea mtoto tangu hapo, ningewaambia tangu hapo."

Bi Sheikha aliinama, akaanza kuzitoa embe kikapuni. "Tusamehe, dada," alisema hatimaye. "Tuliogopa." Hata hivyo, shangazi alipokwisha kuondoka, Bi Sheikha bado alifukiza ubani kila chumba.

Wiki iliyofuata Zuleikha alirudi kliniki. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Safari hii alimweka Mahadhi sakafuni mbele ya watu wote, naye akaenda zake hadi kwenye viatu vya muuguzi. Jedida alichuchumaa, akamkunja na kumkunjua miguu, akampa kijiko mkono huu na mkono huu.

"Miguu ina nguvu, na mikono yote yafanya kazi. Wako watoto wa mwendo huu, na mara nyingi huchelewa kusimama. Mlete mwezi ujao nimwangalie tena. Akichelewa sana, nitakupeleka kwa daktari. Mbona hukuniambia mara ile?"

"Niliona haya."

"Ukimwonea mtoto haya, mimi nitamjuaje?"

Tangu siku hiyo mlango wa Zuleikha ulibaki wazi. Mahadhi alitokea hapo, akaifagia njia nzima ya Shella kwa makalio, na Harusi akawa anamwita mkandarasi wa barabara. Zuleikha alishona kizingitini, akicheka nao. Wasiwasi ulikuwapo bado, ila sasa aliubeba pamoja na wenzake.

Siku Mahadhi aliposimama, mama yake hakuona. Alikuwa ameinamia kofia. Ni Harusi aliyepiga ukelele, kwani mtoto alikuwa ameishika kanga yake, akainuka, akaiachia, akapiga hatua tatu za kulewalewa. Zuleikha aliitupa kofia na sindano yake. Bi Sheikha alitoka jikoni na unga mikononi, akipiga vigelegele. Na jioni ile, Fumo alipoinua nyusi mlangoni, mkewe hakutikisa kichwa. Alimsimamisha mtoto ukumbini, akamwambia, "Nenda kwa baba."

Mahadhi alimtazama baba yake, akapiga hatua moja, akaona safari ni ndefu na yeye ana haraka. Akaketi, akakunja mguu, akamwendea mbio.