Sauti Yangu Juu ya Pikapu

Kwa miaka mingi nimekana kwamba ile sauti iliyosikika kwenye spika pale kijijini kwetu Unyambwa ilikuwa yangu, nimewaapia rafiki zangu, nimemwapia hata mume wangu, na leo nimechoka: ilikuwa yangu.

Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa juzijuzi tu, na kwetu neno mpinzani lilitamkwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa, watu wakisema hawa watatuletea vita. Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama tawala. Mimi, msomi wa chuo kikuu (niliyeandika insha ndefu kuhusu demokrasia na kupata alama nzuri), nilikuwa nimempenda Elia, muuza vitunguu wa Misigiri na mwenezi wa upinzani, aliyekuwa akijiandaa kuleta posa. Nyumbani nilisema hana chama. Mtoto wa jirani alikuwa amefukuzwa kwao kwa kukutwa na kadi ya upinzani tu, na mimi nilikuwa na mtu mzima.

Siku hiyo Elia akanipa lifti kutoka ofisini kwangu mjini kwa pikapu ya chama chake yenye spika juu ya paa, akaahidi kunyamaza tukikaribia kwetu. Ningetembea, lakini viatu vilikuwa vipya. Kweli alinyamaza, ila maiki aliiweka kitini bila kuizima, na mbele ya nyumba yetu gari likagoma. Nikamwona baba akitoka na majirani kuja kusukuma (kwetu aliyekwama njiani haulizwi chama), nikajikunja sakafuni na khanga kichwani.

"Elia, baba akiniona na wewe nimekwisha. Sema umeniokota njiani. Mimi na wewe hatujuani, na wala sitaki kujuana na wapinzani."

Nikasikia maneno yangu yakinirudia kutoka juu ya paa, makubwa, yakivuka mashamba ya alizeti. Waliokuwa wakisukuma wakaacha. Baba akainama dirishani, na mdomo wangu, kwa malezi mema niliyopewa, ukafunguka wenyewe: "Shikamoo, baba." Hiyo nayo ikaenda hewani. Wanawake ng'ambo ya barabara wakaitikia kwa pamoja, "Marahaba, mama."

Baba hakuitikia. Siku tatu alikula bila kunitazama, nami nilikuwa nimeshapanga nguo zangu kwenye sanduku, nikishtuka kila alipokohoa, nikisubiri neno la kuondoka. Siku ya nne akasema, "Mwambie huyo kijana alete mshenga. Mambo ya vyama nitabishana naye nikiwa nimeshiba."

Nilikwenda ofisini nusura nikimbie. Simu ikaita kabla sijakaa, alikuwa Elia, akipiga kutoka posta, nikammwagia habari yote bila kupumua.

"Mzee ni mtu mzuri," akasema. "Alisukuma mpaka gari likawaka, hakuniuliza kitu. Ila mimi nilishawaambia wenzangu wote chamani kwamba naoa kwa mwenyekiti, wakanicheka nikavumilia. Wewe umenikana, tena kwa spika yangu. Mshenga hatakuja. Kaa salama, dada."