Walinieleza Kwamba Mtoto Amelala

Likizo kubwa ile nilikwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, kusoma Kiingereza kwa miezi mitatu. Nilikuwa nafundisha lugha hiyo Kamina, lakini mdomo wangu uliiogopa. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Baba yake, mtu wa Kabongo, alikuwa ameoa mwingine kabla mtoto hajaanza kutambaa. Nilimwacha mtoto kwa mama yangu, na mama ndiye aliyenisukuma niende.

"Weye soma tu," aliniambia. "Mutoto iko na nkambo yake." Nkambo kwetu ni bibi.

Nilipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Kila mara mtoto alikuwa amelala, au ameenda sokoni na dada yangu, au simu ilikuwa karibu kuzima. Niliamini. Nani humkagua mama yake?

Nilirudi kwa basi hadi Kasumbalesa, nikavuka mpaka kwa miguu, na kutoka Lubumbashi nikapanda treni. Siku ya pili injini iliharibika tukiwa porini. Abiria tukashuka kukaa kwenye majani. Karibu nami alikaa mama mmoja wa mtaa wetu, muuza vitenge, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema. Tukawa tunamenya karanga.

"Utashuka Kamina, ao utaendelea mupaka Kabongo?" akaniuliza.

"Kabongo kufanya nini, mama?"

"Kumuona mutoto. Banamubeba kule tangu mwezi ya saba. Minyi mwenyewe niliona mama yako anafunga bilamba yake."

Nikacheka. Nikamwambia labda nguo alizoona zilikuwa za mtoto mwingine, amemfananisha. Yeye hakucheka. Aliacha kumenya, akanitazama.

"Wallahi, nilizania unajua. Unisamehe, mwanangu."

Kutoka hapo hadi Kamina sikula kitu.

Mama aliningoja stesheni na wenzake wa kanisa, wakipiga vigelegele. Aliponikumbatia nilimwuliza sikioni, "Mutoto iko wapi?"

"Tuende kwanza ku nyumba, ukule."

"Mama, iko wapi?"

Alinishika mkono mpaka nyumbani, akafunga mlango.

"Famille ya baba yake balimuomba," alisema. "Weye ungali kijana. Na mutoto ku mugongo, nani atakuoa? Minyi nilifanya ivi juu yako."

"Kwa nini hamukuniambia?"

"Ungerudia."

Hilo lilikuwa kweli, ningerudi siku ileile. Dada yangu alikuwa amekaa pembeni, macho chini. Nikamwuliza walikubaliana lini na watu wa Kabongo. Akamtazama mama, kisha akasema polepole, "Mbele uende." Kabla sijaondoka. Ndipo nilipoelewa kwamba safari yangu ilipangwa ili mikono yangu iwe mbali.

Kesho yake nilikodi pikipiki. Tulifika Kabongo siku ya pili, nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Binti yangu alikuwa uani na mke wa baba yake. Nilipomwita alijificha kwenye kitenge cha yule mwanamke, akasema, "Mama."

Nilikuja nikiwa tayari kugombana. Lakini yule mwanamke alinisogezea kiti, akaniletea maji ya kunawa.

"Balituambia unamukataa," alisema. "Njo maana nilimupokea."

Kumbe na yeye alikuwa amedanganywa. Nilikaa kwake siku nne. Alimlisha mtoto akiwa mapajani mwangu, na alimwogesha nikiwa nimeshika sabuni. Mume wake alipita mara chache, akinung'unika kwamba watoto ni wa ukoo. Mkewe akamwambia anyamaze. Siku ya tano alimfunga mtoto mgongoni kwangu kwa mikono yake. Alilia, na mimi nililia. Mtoto pia alilia, akimnyooshea yeye mikono.

Sasa tunakaa sisi wawili kwenye chumba cha kupanga karibu na shule. Mama hututembelea. Namsalimu kwa heshima zote, nampa kiti, anakula nilichopika. Mwezi uliopita mkuu wa shule aliniuliza kama ningependa kurudi Ndola kumalizia masomo. Nilikataa. Mama alipopata habari alikuja mbio.

"Unajiharibia maisha," alisema. "Minyi niko hapa, nitamulinda mutoto."

 Niliendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka akaaga.