Feni ya Moshi na Baba Mkwe

Jumamosi iliyopita nilijiaibisha hapa kwangu Unyambwa. Mke wangu alitaka fundi afunge feni ya kuvuta moshi jikoni. Nikaapa kuifunga mwenyewe, maana baba yake alikuwa mgeni wetu na nilitaka anione mwanaume wa kazi. Nikapanda darini na bomba la moshi, nikalisukuma mpaka kwenye tundu lenye mwanga, nikaamini huko ni nje.

Mke wangu akakaanga pilipili. Moshi wote ukavutwa.

"Umeona?" nikajipiga kifua.

Mlango wa chumba cha wageni ukafunguka. Baba mkwe akatoka anakohoa, machozi yanamtoka, moshi ukimfuata mgongoni.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia kwa mara ya pili siku hiyo.

"Marahaba. Kama mmenichoka, si mngesema tu?"