Nilimblock "Zaina" kwenye router ili WiFi iwe na speed. Zaina mwenyewe alikuwa Uarabuni

Wakuu, habari za mchana, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Hii imenikuta mimi mwenyewe, si ya rafiki wa rafiki. Pale nilipoonekana mjinga nimepaacha hivyo hivyo, maana nikipapamba uzi wenyewe hauna faida kwa mtu.

Nilitaka WiFi ya nyumbani iwe fasta bila kuingia gharama. Nikafanikiwa. Ila nusura nimtoe mtoto wa watu roho, na hilo ndilo limenileta hapa.

Mimi ni mtoto wa Chanika, Handeni, lakini nimepanga Korogwe, Manundu, juu kwenye kighorofa cha familia tatu. Kazi yangu ni kufundisha hesabu online, wanafunzi wa form four, kwa video. Net ikiganda mimi sina kazi. Hakuna mzazi anayelipa ili mwanae amtazame mwalimu aliyeganda mdomo wazi.

Router ni ya laini, 4G ya kawaida. Password niliwapa majirani kwa hiari yangu: mama mwenye nyumba, na Mama Zaina wa chini, mjane aliyekuwa anauza vitumbua asubuhi. Mzigua mwenzangu. Mtoto wake mmoja tu, Zaina, alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za ndani.

Basi net ikaanza kuzingua.

Nilianza na vya bure. Router ilikuwa imejificha nyuma ya TV kwenye kona. Nikaipandisha juu ya kabati, karibu na dirisha linalotazama mnara. Siku hiyo hiyo nikaona tofauti. Wengi wenu shida yenu ni hii tu, msikimbilie kununua makorokoro.

Nikaingia settings, channel nikaitoa kwenye auto nikaiweka 11, maana majirani wote walikuwa wamerundikana kwenye 1 na 6. Ikasogea kidogo.

Nikatafuta kebo, nikachomeka laptop moja kwa moja kwenye router. Hapo kuta na umbali si kisingizio tena. Bado video inaganda.

Mtu akanishauri niwe naizima na kuiwasha kabla ya kipindi. Nikawa nafanya hivyo kila siku saa nane mchana.

Na hapo ndipo nilipoanza kusikia.

Nikizima router, chini kwa Mama Zaina kunakuwa kimya. Nikiwasha, taa zikishatulia, sauti yake inapanda kupitia dirishani.

"Nipo. Nimerudi mwanangu. Usilale."

Hakuna anayemjibu.

Nilisema labda anaongea na simu kama watu wote. Lakini mtu anayeongea na simu, hata usiposikia maneno ya upande wa pili, unasikia mlio. Hapa hapakuwa na kitu. Mama wa watu anaongea mchana kutwa, polepole, nusu Kiswahili nusu Kizigua. Anasimulia bei ya unga. Anasimulia nani kaolewa Handeni. Anauliza, "Maji umekunywa?" Kisha anangoja, kama anayehesabu kitu, halafu anasema, "Haya, vizuri."

Vitumbua akaacha kuuza. Nikamuuliza mama mwenye nyumba, akashusha sauti.

"Mwalimu, yule anakaa na mtu humo ndani. Huyo mtu haonekani. Mimi nimechungulia kwa macho yangu, anaongea na kigoda."

Nywele zilinisimama, sitawaficha. Tangu siku hiyo mlango wa Mama Zaina nikawa naupita mbio, salamu naitoa nikiwa nimeshafika getini. Mtu mzima na digrii yangu.

Sasa Jumamosi moja, kabla ya kipindi, nikaingia kwenye ukurasa wa router kuangalia nani anatumia. Vifaa vitano. Viwili vyangu, viwili vya mama mwenye nyumba.

Cha tano kimeandikwa ZAINA.

Kilikuwa kimejiunga dakika ile ile niliyowasha router, na kinapakia na kushusha data bila kupumzika. Zaina, ambaye yuko ng'ambo ya bahari.

Nikajiambia acha ushamba, binti atakuwa amemwachia mama yake simu ya zamani. Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Kilichobaki ni kuteremka ngazi na kuuliza, "Mama, hii simu inafanya nini?"

Sikuteremka. Niliogopa. Nikabonyeza block.

Wakuu, speed ikapanda hadi nikacheka peke yangu. Nilifundisha saa mbili nzima bila kuganda, mzazi mmoja akanitumia ujumbe wa pongezi. Nikajiona fundi.

Na chini kulikuwa kimya. Ule ukimya niliufurahia, Mungu anisamehe.

Kwenye saa kumi na moja jioni mlango ukagongwa. Mama Zaina, kanga imemwanguka mabegani, simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi wa moto.

"Shikamoo mama."

Akaninyooshea ile simu.

"Mwalimu, mtoto amezimika."

Nikashuka naye. Kigoda kilikuwepo kweli, katikati ya chumba. Juu yake kopo la maziwa ya unga, ndiyo stendi ya simu. Mbele yake mkeka, na uji uliopoa ambao hakuna aliyeugusa.

Akanieleza amesimama, yote mwanae alikuwa amemwandikia mwanzoni kwa meseji. Zaina aliugua homa. Watu anaowafanyia kazi wakasema anajifanya, wakamfungia kwenye stoo anakolala. Pasipoti wanayo wao. Wakala aliyempeleka hapokei simu. Alichobaki nacho ni kisimu alichoficha chini ya nguo, kinachoshika WiFi ya nyumba ile. Anapiga video, anakiegemeza ukutani, anajilaza mbele yake. Hasemi neno, maana wakimsikia watakichukua. Sauti ameipunguza, mama ndiye anaongea. Akiulizwa kama amekunywa maji, anafumba macho mara mbili.

"Kwetu mgonjwa anaachwa peke yake?" akaniuliza.

Haachwi. Kwa msiotujua, kwetu akiugua mtu kuna wa kukaa naye, mmoja akitoka mwingine anaingia. Unakaa hata kama huna dawa. Yule mama alikuwa anauguza mwanae kwa bando langu, siku ya saba ile, na mimi nilikuwa nimemtoa chumbani.

Nilipanda ngazi sijui vipi, nikaunblock, nikarudi. Akapiga. Inaita. Inaita hadi inakatika. Akapiga tena.

Mara ya nne nikashindwa. Nikamwambia ukweli, nimekufungia mimi, niliogopa kushuka kuuliza.

Hakunifokea. Alinitazama akasema, "Ungeniuliza tu, baba." Ningepigwa kofi ningeona nafuu.

Siku tisa tulipiga, wakuu.

Wanawake wa Manundu walikuja na mikeka yao, wakakaa. Mama mwenye nyumba alikuwa wa kwanza, amejaa aibu kama mimi. Vipindi vya mchana nilivifuta, nikawa nashika zamu ya kupiga ili mama apate kulala. Mmoja wa wageni akaanza, "Alikuwa mtoto mwenye adabu sana yule..."

Mama Zaina akamkata. "Hapa hakuna msiba. Hapa kuna mgonjwa."

Siku ya tano simu ikapokelewa mikononi mwangu. Dari nyeupe, feni inazunguka polepole. Hakuna mtu. Mama akaruka kutoka kwenye mkeka akaita jina la mwanae, chumba kizima kikaita. Feni inazunguka. Halafu mkono ukapita juu ya kamera, ukatulia hapo, na ikakatika.

"Pete ile si yake," mama akasema. Akarudi kukaa.

Siku ya tisa ikaingia namba ngeni. Alikuwa Zaina, yuko hospitali, sauti imekauka.

Kumbe siku ile nilipobonyeza, kwa upande wake picha ya mama iliganda kwanza, mdomo wazi, macho yametazama pembeni, kisha ikapotea, na safari hii haikurudi upesi kama siku zote. Mtoto akajua mama yake amefia palepale kwenye kigoda kwa kukaa siku zote zile. Woga ukamwisha. Akaanza kupiga mlango na kulia, "Mama amekufa, mama amekufa." Wakaingia wakampiga, wakachukua simu. Hakunyamaza. Siku zilizofuata alilia hadi jirani wa ukuta wa pili akaita polisi, wakamkuta na homa imeshamchukua nusu.

Alirudi nyumbani miezi kadhaa baadaye, amebaki mifupa, lakini hai.

Najua kuna wa kuniandikia, "Kumbe mkuu ulimsaidia." Zaina mwenyewe aliniambia hivyo, kwa upole wake. Nimekataa. Nilichotaka mimi ni hesabu zangu zisigande. Yaliyotokea upande wa pili sikuyapanga, na yangeweza kabisa kuishia kwenye matanga.

Funzo langu ni hili. Router ipandishe juu, channel badilisha, kebo chomeka, vifaa vikague. Ila kabla hujamfungia mtu, nenda kamgongee. Kuuliza si ujinga. Router inakuonyesha jina na data inayotumika, basi, kilichoko upande wa pili haikuonyeshi.

Sasa nina swali, na hapa ndipo naomba msaada wa kweli.

Mwezi huu net imekuwa nzito tena. Nikaangalia, nikakuta simu mbili, ya Zaina na ya mama yake, ziko kwenye video mchana kutwa. Zinapigiana zenyewe kwa zenyewe, na wote wako nyumbani, wanatenganishwa na ukuta mmoja.

Safari hii niliteremka. Zaina alifungua mlango, simu iko mkononi, akaniwekea kidole mdomoni.

"Mwalimu, tuvumilie," akaninong'oneza. "Mama akinitazama hivi ana kwa ana, ananishangaa. Ananiita mgeni. Nikienda chumba cha pili nikampigia, ndiyo ananijua, ndiyo anakula."

Nikapanda zangu. Nimeingia settings, simu zile mbili nimezipa kipaumbele cha kwanza kwenye router. Wanafunzi wangu wakiniona nimeganda, watanivumilia.

Mnaojua mambo haya, nielekezeni: kuna namna ya simu mbili kupigiana video ndani ya nyumba bila kupitia internet kabisa? Nahitaji haraka, vya bei rahisi, na muandike kwa lugha ya kueleweka.

Maana jana bando liliisha ghafla, hazikufika hata dakika tatu kabla sijaunga jingine. Katika dakika hizo nilimsikia Zaina anakimbia kutoka chumba cha pili, na mama yake anamuuliza kwa adabu kabisa, kama unavyomuuliza mtu usiyemfahamu:

"Samahani binti, umempeleka wapi mwanangu?"