Mtaa Wetu Ulioingia Mchezoni

Kila Jumapili mchana nilienda mtaa wa Kibenga kwa rafiki yangu kucheza mchezo wa vita kwenye kompyuta. Tuligawanyika timu mbili, watano kila upande, wengine wakiingia kwa mtandao. Wanne hukimbia na bunduki. Wa tano ndiye komanda. Yeye hapigi risasi. Anautazama uwanja kutoka juu, anajenga kambi, anatuambia pa kwenda. Rafiki yangu alikuwa fundi wa kuubadilisha mchezo huo, kuutia silaha na viwanja alivyobuni mwenyewe.

Siku moja alifungua uwanja mpya, nikaduwaa. Ulikuwa mtaa wetu wa Kanyosha: vumbi, duka la kona, hadi geti letu la buluu. Aliupiga picha aliponitembelea. Tulicheka sana. Kisha sauti ya komanda wetu ikasema, "Ingieni ile nyumba ya geti la buluu, adui yuko ndani."

Niliuvunja mlango wetu kwa teke, nikafyatua risasi sebuleni.

Rafiki yangu aliona nimeiachia kibodi. "Pardon, sikufikiri," akasema. Jioni akanisindikiza nyumbani na kompyuta yake begani, amwombe mama radhi. Nilitarajia mama akasirike. Alivaa miwani, akaomba aonyeshwe mtaa kutoka juu, kama anavyouona komanda.

"Umesahau mufereji nyuma ya nyumba," akamwambia. "Siku ya masasi, vita vilipoingia mutaa huu, tulipita mule. Huyu nilimubeba mugongoni." Alikuwa ananinyooshea mimi kidole. Kisha kidole kikarudi kwenye skrini, kikafuata ukuta, kikasimama kwenye duka la kona. "Baba yake alituambia tutangulie. Alianguka hapa."

Nikamgeukia. "Mama, si ulisema baba alikufa na malaria?"

"Ulikuwa mutoto. Halafu ukakuwa mukubwa, nikakosa pa kuanzia."

Rafiki yangu akataka kuufuta uwanja palepale.

"Apana," mama akasema. "Chora kwanza mufereji."

Akaanza kuchora, mama akimwelekeza. Mimi nilitoka, nikatembea hadi duka lile ambako nimenunua mkate maisha yangu yote. Muuzaji akaniuliza ninataka nini. Nilikuwa natafuta kwa macho, pale mlangoni, mahali baba alipoanguka.