Pazia Lililofuliwa Katika Chumba cha Kamba

Saa saba mchana, jua la utosini, na mwanamke huyu anapapasa ukuta gizani. Ameufunga mlango upesi nyuma yake, sasa anangoja macho yazoee.

"Usiwashe simu, tafadhali," anamnong'oneza mwandishi wa gazeti aliyeingia naye. "Ukiwasha tu, umeniua."

Wenzake wanamwita Mama Giza. Kwa miaka kumi na mmoja amelea kamba wa baharini, wale wazazi wanaolitagia shamba hili mayai, majike arobaini na nane katika matangi manne, kwenye chumba chenye taa moja tu nyekundu, hafifu. Jike akikaa kwenye mwanga mkali, mayai yake hayapevuki.

Anafunika tochi kwa kitambaa chekundu na kuwamulika mmoja mmoja mgongoni, akitafuta mstari wa kijani unaoonyesha mayai yameiva. Tangi la kwanza, hamna kitu. La pili, hamna. La tatu, hamna.

"Siku ya kumi na tisa hii bila mayai," anasema.

Sababu anaijua, nayo ndiyo inayomnyima usingizi. Pazia jeusi la dirishani lilikuwa limeota ukungu, naye, mtu asiyevumilia uchafu hata kidogo, akalifua kwa dawa ya madoa. Likatakata kweli! Likachujuka pia, likawa linapitisha jua. Wiki ile ilikuwa ya mawingu, hakugundua hadi siku ya nane.

Alikata gauni lake jeusi la kwendea harusini, akalishonea kwa ndani ya pazia, akafunga mdomo.

Laiti yangeishia hapo. Meneja alisema kosa ni la chakula, akamsimamisha kazi mlishaji. Huyo mlishaji ni shemeji yake, mume wa mdogo wake, baba wa watoto watatu. Kesho saa tatu asubuhi anafukuzwa rasmi.

"Jana mdogo wangu kanipigia analia. 'Dada, wewe unashinda humo ndani, hujaona kitu kweli?' Nikamwambia sijaona." Anajifuta uso kwa kiganja chenye maji ya chumvi. "Mimi! Wa tumbo moja naye! Naogopa, mwenzangu. Nina miaka hamsini na miwili. Nikitolewa hapa, nani mwingine ana kazi ya kukaa gizani?"

Kwenye tangi la nne tochi inasimama. Mgongoni mwa jike mmoja kuna mstari wa kijani, mwembamba kama uzi. Siku nyingine angepiga kigelegele. Leo anakaa sakafuni palipolowa.

"Chakula ni kilekile, magunia yaleyale," anasema polepole. "Kilichobadilika ni pazia tu."

Mwandishi anamuuliza kama haya yaandikwe. Anazima tochi na kuinuka.

"Gazeti lako linatoka saa ngapi?"

Saa moja asubuhi, anaambiwa.

"Basi andika. Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa meneja. Asije akayasoma kwako kabla hajayasikia kwangu."