Maneno ya Bi Zuhura Niliyoyageuza

Siku inayonirudia, mwanangu, kila ninapokuona ukifunga kamba za njumu zako, ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tano, nami nina miaka kumi na minane. Hebu kaa karibu na baba yako. Nimetoka kazini sasa hivi, kule ghalani Malton, mgongo unauma na sina nguvu ya kupaza sauti. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza nijibu, nimeshazoea. Mimi nitasema kwa Kiswahili, maana kisa chenyewe utaona kimesimama hapo hapo, kwenye lugha.

Tulikuwa tunaishi mtaa huu huu wa Dixon Road, ghorofa ya kumi na moja, mimi na mama yangu, bibi yako. Yeye alikuwa akifungasha mizigo kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Tulitoka Morogoro kuja nchi hii ya baridi nikiwa na miaka kumi na miwili, sijui Kiingereza hata cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mpira ndio ulionipatia marafiki. Mwaka wa kwanza wa sekondari nilikuwa mwembamba, beki yeyote akinigusa naanguka. Basi nikakimbia kila asubuhi, hata kwenye theluji, na jioni nikawa napiga mpira kwenye ukuta wa nyuma ya jengo kwa mguu wa kushoto mpaka majirani wakatushtaki kwa mwenye nyumba. Kufika mwaka wa mwisho nilikuwa winga wa kuwekewa watu wawili wa kunikaba.

Kocha wetu, mwalimu wa jiografia, Mzungu mmoja mpole, akaniita kando. Akaniambia kocha wa chuo kikuu anakuja kwenye mechi ya Alhamisi kunitazama mimi. Akipendezwa, nafasi ninayo. Usiku ule bibi yako aliposikia aliacha kula, akaniangalia tu. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyekuwa amekanyaga chuo kikuu.

Jumatatu ya wiki hiyo, mazoezini, ilipigwa kona. Mimi na beki wetu tukaruka pamoja, vichwa vikagongana. Nilikaa chini kidogo, nikainuka, nikasema niko sawa. Sikuwa sawa. Jumanne mwanga wa darasani uliniuma macho. Jumatano nikasoma mstari mmoja wa kitabu mara tano bila kuuelewa. Nikamwambia bibi yako ni mafua. Nilikuwa nahesabu saa tu mpaka Alhamisi.

Sasa pale shuleni kulikuwa na mama mmoja mfagiaji, Bi Zuhura, mtu wa Tanga. Kiingereza chake kilikuwa salamu na asante. Alipojua natoka Morogoro alifurahi kama aliyeona ndugu. Nikiwa peke yangu kwenye korido namwambia, "Shikamoo, mama," naye ananiitikia na kuniuliza hali ya nyumbani. Nikiwa na wenzangu nampita kama simjui. Nakuambia hili kwa aibu, lakini nakuambia.

Alhamisi mchana, saa moja kabla ya mechi, nilikimbilia chooni nikatapika. Bi Zuhura alikuwa humo na ndoo yake. Akanishika mabega, akanikalisha sakafuni.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu, mama. Niligongwa kichwa Jumatatu."

Alisogeza ndoo kando. Kisha akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mume wake alikuwa fundi rangi. Siku moja aliteleza kwenye ngazi, akagonga kichwa, akainuka anacheka, akala chakula chake cha mchana. Akajilaza kidogo, hakuamka.

"Leo huchezi," akasema.

"Nacheza, mama. Lazima."

Hakubishana nami. Alitoka vile vile, glovu za mpira mikononi, akashuka ngazi, akavuka nyasi mpaka alipokuwa kocha akipanga koni. Nikamfuata mbio. Nilipofika alikuwa anajipiga kichwani kwa kiganja, ananionyesha mimi, anasema, "Kichwa! Kichwa!" Kocha akanigeukia huku akitabasamu.

"Mama huyu anasema nini?"

Bi Zuhura naye akanigeukia. "Mwambie mwalimu wako umeumia kichwa. Mwambie umetapika sasa hivi. Mwambie usicheze."

Mwanangu, nilikuwa nimesimama katikati ya watu wawili wazima, wote wawili wananitazama mdomo. Mbali kule, kwenye viti, nilimwona mwanamume mwenye kofia na daftari. Nikamwambia kocha, "Anasema anatuombea. Anasema tutumie akili, tutashinda."

Kocha akafurahi mno. Akamshika mama wa watu mikono yote miwili na glovu zake, asante, asante sana. Bi Zuhura akashangaa.

"Mbona anacheka?"

"Amesema amesikia, mama. Ataniweka benchi."

Sijui kama aliniamini. Alirudi ndani kwa sababu korido zilikuwa zinamsubiri na msimamizi wake hakuwa mtu wa kusamehe.

Nilicheza. Na nilicheza vizuri, hilo ndilo linalonichosha zaidi nikilikumbuka. Nilitoa krosi ya bao, nikamwona yule mwenye kofia anaandika. Dakika chache kabla ya mapumziko beki mmoja alinigusa kwa bega, mguso mdogo ambao siku nyingine nisingeuhisi. Nilianguka. Walioniona wanasema miguu ilikuwa inatikisika yenyewe. Mimi nakumbuka nyasi, kisha dari nyeupe ya hospitali na bibi yako amekaa pembeni, bado amevaa koti la ghalani.

Daktari alimwambia ubongo ulikuwa umevimba, na kwamba nimepona kwa bahati. Nani alimtafsiria? Mimi, mwanangu. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilimtafsiria mama yangu maneno ya kwamba nusura nife, na mara hii sikupunguza hata moja.

Jumamosi Bi Zuhura alikuja, amebadili mabasi mawili, na uji kwenye chupa ya chai. Kocha naye alikuwepo. Alikuwa amekonda kwa siku mbili. Shule ilikuwa inamhoji, naye alikuwa anajiuliza ni kitu gani hakukiona. Bi Zuhura akamsalimia bibi yako, wakashikana mikono muda mrefu. Kisha akasimama miguuni kwa kitanda changu.

"Mimi katika nchi hii sina mdomo," akasema, polepole, bila hasira. "Siku ile mdomo wangu ulikuwa wewe. Nilikukabidhi maneno ya kukuokoa, ukayatupa. Si kwangu tu. Kwa mama yako huyu pia. Sasa huyu mwalimu amekaa hapa anajilaumu. Mwambie nilichosema."

Bibi yako hakuwa anajua. Alinigeukia taratibu.

Nikamwambia kocha. Neno kwa neno, kichwa, kutapika, usicheze, na uongo wangu wa pande mbili. Nilitamani anifokee. Alifunika uso kwa mikono. Kisha akainuka, akamwambia Bi Zuhura kwamba anamwomba radhi, kwamba alipaswa kumtafuta mtu mzima wa kutafsiri badala ya kumtegemea mtoto mwenye haja yake mwenyewe ya kucheza. Nikatafsiri na hayo. Bi Zuhura akasema, "Mwambie hana kosa. Mwambie anywe uji." Kocha akanywa uji, machozi yanamtiririka.

Kiangazi kile chote nilikaa na mapazia yamefungwa. Sikuweza kusoma wala kutazama televisheni. Yule kocha wa chuo kikuu alituma salamu za pole, na habari yake ikaishia hapo. Nilirudia masomo mwaka uliofuata. Nikiwa na miaka ishirini na mmoja niliingia chuo kidogo, nikapata jezi, nikacheza misimu miwili, zaidi benchi kuliko uwanjani. Mpira wa juu nilikuwa nauogopa. Basi. Hayo ndiyo makubwa ya mchezaji unayesikia wazee wa mtaani wakimsifu. Bi Zuhura alihamia kwa binti yake mtaa wa Agincourt, upande wa pili wa jiji, nami nikawa nakwenda kumwamkia kila Idi mpaka alipofariki. Hakunikumbusha jambo lile hata mara moja.

Nimechoka, mwanangu, na kichwa hiki bado hunigonga taa za ghalani zikiwa kali. Lakini haya nisikie. Chuo kikitaka kuja kukuona, kitakukuta na mwili wako mzima au kitakuja siku nyingine. Ukiumia, sema. Msemee na mwenzako anayeficha, hata akikuchukia mwaka mzima. Na siku mama yako atakapokuweka kati yake na daktari, au mwalimu, au karani wa ofisi, fikisha alichosema kama alivyokisema, hata kama kinakuumiza wewe. Watu wa kwetu hapa wanaishi kwa midomo ya watoto wao. Usiwaache bubu.

Njoo nikushike kichwa. Mola akukinge na kila pigo, lile unaloliona na lile usiloliona. Akufungulie chuo unachokitamani, na akikunyima, akupe maisha marefu ya kukisahau. Akujaalie ulimi mnyofu, na wazee wako walale usingizi kwa ajili yako. Amina. Haya, nenda kalale, kesho una mechi.